Kibodi ndogo za michezo: Nafuu kwa meza, mzigo kwa mhasibu

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KITUFE kimoja kikifa kwenye kompyuta mpakato, mwenye nayo huanza kwa kuvumilia. Herufi 'a' ikigoma, huibonyeza mara mbili. Ikikataa kabisa, hunakili moja iliyokwisha kuandikwa na kuibandika kila inapohitajika. Kwa Kiswahili, lugha ambayo sentensi yake haipiti bila 'a' kadhaa, uvumilivu huo hauvuki ukurasa wa kwanza.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, au mtumishi aliyehamia makao makuu tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, hulazimika kutafuta kibodi ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB. Pembeni ya zile nyeusi zilizozoeleka atakuta nyingine: fupi, nzito, yenye taa za rangi na vitufe vinavyolia. Hizo ni kibodi za kimakanika, zilizobuniwa kwa ajili ya wachezaji wa michezo ya kompyuta, na bei yake kwa kawaida huizidi ile ya kibodi ya ofisini mara kadhaa. Kwa anayenunua kwa fedha za Bodi ya Mikopo, tofauti hiyo inatoka kwenye chakula.

Tofauti ya msingi imo ndani. Kibodi ya kawaida ina tabaka za plastiki nyembamba zilizochorwa njia za umeme, na juu yake vikombe vidogo vya mpira. Kitufe kinapobonyezwa hadi mwisho, mpira hujikunja na kugusanisha tabaka hizo. Katika kibodi ya kimakanika, kila kitufe kina swichi yake inayojitegemea, yenye springi na vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Nyingi husafiri takriban milimita nne kwenda chini, lakini herufi huandikwa kidole kikiwa kimefika nusu ya safari. Hakuna haja ya kugonga hadi chini.

Jambo hilo si geni kwa makatibu waliopita Chuo cha Uhazili Tabora enzi za mashine za kupiga chapa, ambao walifundishwa kuandika bila kutazama vidole. Mikono yao ilijua kwa hisia kwamba herufi imeingia. Kompyuta za zamani nazo zilikuwa na hisia hiyo. Kibodi ya IBM iliyotoka mwaka 1985, ikijulikana kama Model M, ilitumia springi zinazojikunja kwa mlio. Kilichoiondoa hisia hiyo maofisini ni bei. Kibodi ya mpira ni rahisi kutengeneza, na kompyuta zilipozidi kuwa nyingi, watengenezaji walifuata unafuu huo.

Kurudi kwake nako kuna sababu ya kibiashara. Swichi zilizotawala soko hili, za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, zilibuniwa katika miaka ya 1980 na kulindwa na hataza. Hataza hiyo ilipokwisha muda wake, takriban mwaka 2014, viwanda vya China kama Kailh na Gateron vilikuwa huru kutengeneza swichi za umbo lilelile kwa gharama ndogo.

Swichi hizo hutofautishwa kwa rangi, na anayenunua bila kuuliza huweza kujutia. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo wala mlio wa makusudi, na wachezaji huipenda. Kahawia ina kikwazo kidogo katikati, kidole kikajua kwamba herufi imeandikwa. Bluu ina kikwazo na mlio mkali. Dukani, katika kelele za barabarani, mlio huo unapendeza. Usiku wa manane katika chumba cha bweni, mwenzako akiwa na mtihani saa mbili asubuhi, ni chanzo cha ugomvi.

Kuhusu udogo, kinachopaswa kuhesabiwa ni vitufe. Kibodi kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe 104. Ikiondolewa safu ya tarakimu iliyo kulia, hubaki 87. Ndogo zaidi, inayopendwa na wachezaji, ina 61 tu na upana wa karibu sentimita 30, wakati ile kamili hukaribia 44. Hapo zimeondoka pia mishale minne, safu ya F1 hadi F12, kitufe cha Delete na vile vya kuruka ukurasa. Kazi zake hazikufa, ila zimefichwa: mtumiaji hushikilia kitufe cha Fn na kubonyeza kingine.

Faida yake ni ya kweli. Kipanya husogea karibu, mkono wa kulia hautanuki mbali na bega, na kwa mtu anayefanya kazi saa nyingi, hiyo ni nafuu kwa misuli. Meza ya bwenini yenye vitabu, sahani na kompyuta hupata nafasi. Kibodi yenyewe huingia kwenye begi bila taabu.

Lakini mhasibu aikimbie. Anayeingiza malipo katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini (MUSE), au anayejumlisha hesabu za duka la nafaka Kibaigwa, anategemea ile safu ya tarakimu ya kulia ambayo vidole vyake vinaijua gizani. Akiikosa, kila namba ataitafuta kwenye mstari wa juu, na makosa ya tarakimu hayafanani na makosa ya herufi: hakuna programu ya tahajia itakayoyanasa. Katika Excel, F2 ya kurekebisha kisanduku na F4 ya kufunga rejea navyo huhitaji vidole viwili. Hata ile Ctrl+Alt+Delete ya kuiamsha kompyuta iliyoganda, kwa nyingi ya kibodi hizi, inataka vidole vinne.

Mwanafunzi wa programu yuko katikati. Mishale huitumia kila dakika, na F5, F10 na F11 ndizo anazozitumia kufuatilia kosa katika msimbo wake hatua kwa hatua. Kwake, ya vitufe 68 hivi, iliyobakiza mishale, au ile ya 87, inafaa kuliko ya 61. Anayeandika ripoti kwa Kiswahili hapotezi kitu katika yoyote kati ya hizo, kwa kuwa lugha yetu haihitaji herufi za ziada, na alama ya ritifaa inayotakiwa kwenye ng'ombe (neno ambalo huku nyanda za kati haliepukiki) imebaki mahali pake, karibu na Enter.

Linalosahaulika zaidi ni vumbi. Dodoma ni eneo la nusu jangwa, lipatalo takriban milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni ya upepo, na dirisha likiachwa wazi, meza iliyofutwa asubuhi huandikika kwa kidole jioni. Kibodi ya mpira, ambayo tabaka zake zimefunikwa, huvumilia zaidi. Swichi nyingi za kimakanika ziko wazi kwa juu, na chembe zikifika kwenye vipande vya chuma, mguso mmoja huanza kuandika herufi mbili. Kwa Kiswahili hilo si dogo: 'kufa' hugeuka 'kufaa', na kwa kuwa yote mawili ni maneno sahihi, kosa linapita hadi kwa msomaji.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo ubora wake unapojitokeza. Kibodi ya mpira ikiharibika, mara nyingi hutupwa. Ya kimakanika vifuniko vyake huvuliwa kimoja kimoja, ikasafishwa kwa brashi laini, na swichi iliyokufa hubadilishwa peke yake. Baadhi huruhusu swichi kuchomolewa kwa koleo dogo. Nyingine huhitaji kuchomelewa kwa risasi, kazi ambayo fundi simu mwenye mkono mtulivu anaiweza. Watengenezaji huzikadiria swichi bora kudumu miguso milioni 50 au zaidi, ingawa makadirio hayo hayakufanyiwa katika upepo wa Dodoma.

Kwa wachezaji, hoja kuu ni vitufe vingi kwa wakati mmoja. Kibodi nyingi za kawaida, mtu akishikilia vitatu au zaidi kwa pamoja, huacha kuona kimojawapo, mchezaji akajikuta amesimama wakati alitaka kukimbia huku akiruka. Kibodi bora za michezo huviona vyote. Taa za rangi hazisaidii lolote katika hilo, na umeme ukikatika hunyonya betri ya kompyuta mpakato ambayo kibodi imechomekwa. Vizuri kujua namna ya kuzizima kabla ya kutoka dukani.

Aliyeamua kununua afungue ukurasa mtupu kwenye kompyuta ya muuzaji, abonyeze kila kitufe mara kadhaa na kuangalia kama kuna herufi inayojirudia. Kisha aulize mambo mawili: kama swichi zinachomoka, na kama muuzaji anazo za akiba.