Gobore, Ganda na Fataki

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Baruti humiminwa mtutuni kutoka mbele, ikafuatiwa na kitambaa cha kuishikiza, kisha gololi, marisau au vipande vya chuma, na vyote hukandamizwa kwa mdeki. Huko nyuma, mtutu unapokutana na kitako cha mti, pana tundu dogo, na moto unaowashwa nje ya tundu hilo ndio unaoingia ndani na kuiripua baruti. Hutoka mshindo mmoja na moshi mwingi, halafu kazi yote huanza upya. Mwenye mkono mwepesi huipakia tena kwa muda unaokaribia dakika nzima, na mvua ikinyesha anaweza asiipakie kabisa.

Kiswahili kina majina ya magobore kwa kadiri ya moto wake. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi uliokuwa ukifuka muda wote. Gumegume ilikuwa na jiwe la kiberiti lililogonga chuma na kutoa cheche. Baadaye ikaja ya fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa na nyundo. Majina hayo matatu yamebeba karne kadhaa za ufundi, na yote yalikuwa yakitumika pwani na bara kabla Mjerumani hajatia mguu.

Morogoro ilikuwa kwenye njia hasa ya bunduki hizo. Misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita chini ya milima ya Uluguru, penye mji wenye ngome wa Simbamwene, alioupita Stanley mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wapagazi walipokaribia mji walifyatua bunduki hewani kutoa habari kwamba wamefika salama, na wenyeji nao wakajibu. Baruti nyingi ya karne ile iliishia katika salamu. Bunduki zenyewe zilikuwa masalio ya majeshi ya Ulaya: kila jeshi lilipopata aina mpya, za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa na kupakiwa merikebuni kuja Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii.

Bunduki ikiharibika haikurudishwa Ulaya. Ilipelekwa kwa mhunzi. Ufundi wa chuma ulikuwa wa zamani katika nchi hii. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri zao ndefu, na wahunzi wa Upare waliwauzia majirani zao Wachaga majembe na silaha. Fundi anayejua kufua jembe na mkuki hakukosa namna ya kuunga mtutu uliopasuka au kuchonga kitako kipya kwa mti mgumu. Kutoka kutengeneza ya mwenzake hadi kuunda yake mwenyewe hapakuwa mbali, na magobore ya kienyeji yalizaliwa hapo. Mtutu wa namna hiyo hauna mifereji ndani. Ni bomba laini tu. Gololi hutoka ikiyumba, na shabaha yake ni ya karibu.

Ulaini huo wa mtutu uliingia hata katika sheria ya kimataifa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya utumwa, na ndani yake yakaweka marufuku ya kuingiza silaha katika Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake. Marufuku hiyo ilibana raifo, yaani bunduki yenye mifereji iliyosokotwa ndani ya mtutu, ambayo huizungusha risasi hata iende sawa na mbali. Gumegume za mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliachiwa mlango chini ya usimamizi wa serikali. Hapa ni vigumu kuamini kwamba hofu ya waandishi ilikuwa maisha ya watu wa bara, kwa kuwa gobore nalo huua. Walichokuwa wakikilinda ni tofauti ya nguvu kati ya mtawala na mtawaliwa. Miaka 15 baadaye, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge wakiwa na mikuki na magobore, na bombomu za Wajerumani zikawafyeka.

Lakini kilicholiacha gobore nyuma kwa kweli si mifereji ya mtutu. Fundi mvumilivu anaweza kujifunza hata hiyo. Ni risasi ya ganda. Katika gobore, baruti, moto na gololi ni vitu vitatu mbalimbali vinavyokutana mtutuni. Risasi ya ganda imeviweka vyote katika kichupa kimoja cha shaba nyeupe: fataki kwenye kitako, baruti tumboni, na kichwa kimebanwa mdomoni. Mpigaji hana haja ya pembe ya baruti wala mdeki. Wakati huohuo amekuwa mtumwa wa kiwanda, maana ganda lazima lilingane na chemba ya bunduki kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele, na fataki ni kemikali inayoripuka kwa kugongwa. Mhunzi anaweza kufua mtutu; ganda na fataki havifuliwi kwa mvukuto. (Neno “risasi” lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, ni madini mazito yaliyokuwa yakisubiwa kuwa gololi. Leo limekuja kubeba kichwa, ganda na baruti kwa pamoja.)

Ugumu huo uliwahi kuonekana wazi katika ardhi hii wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limezingirwa na manowari za Waingereza, na askari wake wengi walishika bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila wakipiga, wingu la moshi liliwatambulisha walipo. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia Ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na shehena ya bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Hyacinth iliipiga, ikazama katika maji ya kina kifupi. Wapigaji mbizi waliitoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, kwa hiyo watu waliketi na kuzifungua moja moja: kichwa kando, baruti kando ikaushwe, ganda lisafishwe, na penye haja fataki mpya ipachikwe, kisha vyote virudishwe. Zilizokuwa na mashaka zaidi ziliachwa kwa mazoezi ya shabaha. Kwa kazi hiyo ya mikono vita viliendelea. Morogoro, ambako Wajerumani walikuwa na makao yao makuu katika sehemu ya mwaka uliofuata, ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza chini ya Smuts tarehe 26 Agosti 1916, na Lettow-Vorbeck akaizunguka milima ya Uluguru kuelekea kusini.

Walichofanya watu wale kwa dhiki, wengine duniani hukifanya kwa mapenzi. Kujaza upya maganda ni kazi ya jioni ya wapenda shabaha wengi Afrika Kusini, Marekani na Ulaya. Ganda lililopigwa huokotwa na kusafishwa. Kwa kuwa hupanuka kidogo wakati wa kupigwa, hupitishwa katika kalibu ya chuma lirudi umbo lake. Fataki iliyokufa hutolewa, mpya huingizwa, baruti hupimwa kwa mzani mdogo na kichwa hupachikwa. Kipimo chake ni greni, na greni 15 na ushei ndizo gramu moja. Hapa hakuna kukadiria kwa jicho. Baruti ikizidi kidogo tu, au ikiwekwa ya aina nyingine, bunduki hupasuka mkononi. Wapenzi hao huona faida mbili: risasi hushuka bei, na kila bunduki hupewa risasi inayopatana nayo. Wengine huunda hata bunduki yenyewe kwa kununua mtutu huku, mtambo kule na kitako pengine, kama mtu anavyojiundia baiskeli.

Nchi hutofautiana kwa namna zinavyoutazama mchezo huo. Marekani, kwa sheria ya taifa ya mwaka 1968, mtu asiye na katazo anaweza kujitengenezea bunduki ya matumizi yake bila leseni ya mtengenezaji, mradi hafanyi biashara, ingawa majimbo huongeza masharti yake. California ilianza tarehe 1 Julai 2019 kumchunguza hata mnunuzi wa risasi. Afrika Kusini, kwa Sheria Na. 60 ya mwaka 2000, mwenye leseni ya kawaida haruhusiwi kuweka zaidi ya risasi 200 kwa kila bunduki, na fataki zake zisizidi 2,400. Takwimu hiyo ya fataki inafundisha kitu. Mtunga sheria amejua kwamba mjazaji anaweza kukusanya maganda jalalani na kusubu vichwa jikoni, ila fataki lazima azinunue. Akibanwa hapo, amebanwa pote.

Afrika Mashariki kazi hiyo ni ya viwanda vya dola. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola, na Tanzania ina Shirika la Mzinga, mjini Morogoro. Mzinga ulianzishwa kisheria mwaka 1974, baada ya kiwanda kujengwa kwa msaada wa Uchina, nao uko chini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Jina lake ni la werevu, kwa kuwa mzinga ni silaha nzito na pia ni nyumba ya nyuki. Mkazi wa Mafiga, kata ya manispaa hiyo inayobeba jina la mawe matatu ya jikoni, anaishi mji mmoja na kiwanda hicho na chini ya vilima vilevile ambako babu zake walilinda mashamba kwa gobore. Ni maeneo machache nchini yaliyoiweka mikono hii miwili ya ufundi, wa mhunzi na wa kiwanda, karibu namna hiyo.

Hata mashine za kutengenezea risasi huzua mjadala wa mataifa. Mwaka 2005 Wabelgiji walibishana vikali juu ya leseni ya kampuni yao, New Lachaussée, kuiuzia Tanzania mitambo ya namna hiyo. Waliopinga walihofu kwamba risasi zingevuka mipaka na kufika katika vita vya Maziwa Makuu.

Hofu ya risasi kuhama ina msingi, na namna ya kuithibitisha ipo kwenye kitako cha ganda. Kiwanda hugonga pale herufi na tarakimu zinazotaja mtengenezaji na, mara nyingi, mwaka. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey ya Geneva walichapisha uchunguzi wao kutoka Turkana Kaskazini: katika risasi za wafugaji waliokuwa wakishambuliana kwa ajili ya ng’ombe, walikuta nyingi zenye alama ya kiwanda cha Eldoret, aina ileile iliyokuwa mikononi mwa polisi. Ganda moja lililookotwa vichakani lilisema zaidi ya shahidi. Kwa sababu hiyohiyo wasimamizi wa silaha hawaipendi kazi ya kujaza upya. Ganda lililojazwa mara ya pili hubaki na alama ya kiwanda chake cha kwanza, huku fataki, baruti na kichwa vikiwa vimetoka kwingine na kwa mkono mwingine. Alama inakuwa ya uongo bila mtu kuifuta.

Tanzania iliongozwa na Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 hadi nafasi yake ilipochukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Kati ya hizo mbili ulikuja Mkataba wa Nairobi wa Aprili 2004, ambamo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana silaha ziwekwe alama, utengenezaji uwe wa leseni, na raia wasimiliki raifo za rashasha wala zinazojipakia zenyewe. Leseni ya Tanzania hutolewa na polisi kwa mtu maalumu na kwa bunduki inayotambulika, na ni hapo gobore linapokwama, kwa kuwa lilitoka kwa mhunzi bila namba. Anayekamatwa na silaha au risasi bila leseni hushtakiwa kwa sheria hiyo, na kosa lake husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, kundi moja na makosa makubwa ya kuihujumu nchi.

Mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na ngedere huiona adhabu hiyo kuwa nzito kuliko chombo chake. Askari wa wanyamapori ana hesabu nyingine, maana magobore ni miongoni mwa silaha zinazokamatwa mara kwa mara kwa majangili katika hifadhi, na mnyama aliyejeruhiwa na gololi hafi pale pale. Hutembea na kidonda kwa siku kadhaa. Kwa wawindaji wenye vibali, kanuni huweka kipenyo cha inchi .375 kuwa kima cha chini kwa nyati na tembo, kusudi mnyama aanguke haraka. Hapo hata raifo nzuri ndogo haikubaliki, seuze bomba la mhunzi.

Serikali imetangaza zaidi ya mara moja msamaha wa muda kwa wanaosalimisha silaha haramu vituoni au kwa viongozi wa mitaa na vijiji bila kushtakiwa. Magobore ya urithi huletwa yakiwa yamefungwa katika magunia na kanga. Huandikwa daftarini, hukusanywa, na mwishowe huteketezwa. Kitako cha mti huungua kwanza. Mtutu hubaki majivuni, mweusi, ungali na tundu lake dogo pembeni.