Je, Wajua Kwa Nini Plagi za Kompyuta Hukataa Kuingia?

Ukifungua kompyuta ya mezani utakuta rundo la nyaya zimetoka kwenye pawa saplai, na kila fungu limeishia kwenye plagi ya umbo lake. Anayeunganisha kompyuta kwa mara ya kwanza hudhani maumbo hayo yamewekwa kumsumbua. Kumbe ni kinga, na kinga hiyo ilipatikana baada ya vifaa vingi kuungua.

IBM ilipotoa kompyuta yake ya IBM PC mwaka 1981, umeme uliingia kwenye ubao mama kupitia plagi mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, P8 na P9, kila moja ikiwa na nafasi sita. Zilifanana kiasi kwamba ya kulia iliweza kuchomekwa mahali pa ya kushoto. Fundi aliyezikosea, akawasha, alipeleka volti 5 kwenye njia ya kurudishia umeme, na ubao ukafa hapo hapo. Mafundi walijikinga kwa kanuni moja: nyeusi kwa nyeusi, yaani nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati.

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilileta kiwango cha ATX, na zile plagi mbili zikawa moja pana yenye pini 20. Baadhi ya nafasi zake ni za mraba, nyingine zimekatwa pembe, kwa hiyo ukiigeuza haiingii. Kuanzia mwaka 2003 pini zikawa 24, na ndiyo plagi kubwa tunayoiona hadi leo.

Ndani ya plagi hiyo kuna mazungumzo ambayo watumiaji wengi hawayajui. Waya wa njano hubeba volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya chungwa volti 3.3, na mweusi hurudisha umeme. Wa zambarau ndio mlinzi wa usiku: hubeba volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, alimradi waya wa ukutani umechomekwa na swichi ya nyuma imewashwa. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, ubao mama huunganisha waya wa kijani na mweusi, na hiyo ndiyo amri ya pawa saplai kuamka. Prosesa haianzi kazi papo hapo. Husubiri waya wa kijivu ulete ishara kwamba volti zote zimetulia, jambo linalochukua kati ya sehemu moja na sehemu tano za kumi za sekunde. Na kwa kuwa yule mlinzi wa zambarau halali, ni lazima uchomoe waya wa ukutani kabla ya kugusa chochote ndani.

Siku hizi pawa saplai nyingi huja na nyaya nyeusi tupu. Rangi zimetoweka, limebaki umbo. Na hapa pana mtego: plagi ya pini 8 ya prosesa na ile ya pini 8 ya kadi ya grafiki zinafanana sana kwa macho, lakini upande wenye volti 12 katika moja ndio upande wa kurudishia katika nyingine. Maumbo ya nafasi zake yanatofautiana kidogo tu. Plagi ikikataa, usiilazimishe. Soma maandishi yaliyo juu yake.

Kuingia nako hakutoshi, lazima iingie yote. Plagi mpya ya pini 16 ya kadi za grafiki inaruhusiwa kupitisha wati 600, ambazo kwa volti 12 ni ampea 50 zilizogawanywa kwenye pini sita tu. Mwishoni mwa mwaka 2022 watumiaji wa kadi ya RTX 4090 walianza kuonyesha plagi zilizoyeyuka, na sababu moja iliyobainika ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 umbo lilirekebishwa tena: pini ndogo za ishara zilifupishwa ili plagi isipokaa sawasawa, kadi isivute umeme.

Lipo eneo moja ambalo umbo bado halimlindi mtu. Katika pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili, kiwango cha ATX hakisemi pini za upande wa pawa saplai zipangwe vipi. Kila mtengenezaji hupanga anavyotaka, na hata modeli za kampuni moja huweza kutofautiana. Waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa, kisha ukapeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuua diski pamoja na mafaili yote yaliyomo. Kwa hiyo ukibadilisha pawa saplai, ondoa nyaya zote za zamani hata kama zinaingia bila taabu, na utumie zile tu zilizokuja kwenye boksi la hiyo mpya.