Mzigo wa kwanza ni namba sifuri

WAFANYABIASHARA wa mpakani wanajua kuwa gunia likihesabiwa vibaya, hasara humfuata mwenye mali. Kumbe hata katika michezo ya kompyuta, kukosea hesabu kwa moja tu kunatosha kuangusha kazi nzima.

Nimeliona hilo kwa kijana wa jirani yangu, ambaye wazazi wake walirejea nyumbani kutoka Tanzania. Anajifunza mwenyewe kuandika programu kwa lugha ya Python, na ametunga mchezo ambamo mchuuzi anavusha mizigo mitano katika daraja la Rusumo: mchele, maharage, sabuni, vitenge na chumvi. Kila mchezo ulipokaribia kwisha, ulikatika na kutoa ujumbe kuwa namba imetoka nje ya mipaka ya orodha. Alikuwa amekata tamaa, anataka kufuta kila kitu.

Nilimwomba anisomee orodha yake kwa namba. Akasema mchele ni 1, chumvi ni 5. Hapo ndipo penye tatizo. Python, kama zilivyo C na Java, huhesabu kuanzia sifuri, kwa sababu namba husema umepiga hatua ngapi kutoka mwanzo wa orodha. Mchele ni 0, chumvi ni 4. Anayeomba namba 5 anaomba mzigo usiokuwapo. Zaidi ya hapo, mchele ulikuwa ukirukwa tangu siku ya kwanza, wala hakuna ujumbe uliomwambia.

Tulibadilisha mstari mmoja tu: badala ya kutaja namba, programu ipite yenyewe kwenye orodha, mzigo baada ya mzigo. Ikilazimu kutumia namba, ya mwisho ni idadi toa moja.

Hata hivyo, iko mitego mingine miwili. Ukiondoa mzigo uliouzwa huku programu ikiendelea kupita kwenye orodha, ya nyuma husogea mbele na mmoja hurukwa. Pitia nakala ya orodha badala yake. Aidha, katika Python namba hasi moja si kosa, bali humaanisha mzigo wa mwisho. Ukitoa moja kwenye sifuri, utapewa chumvi bila onyo lolote.

Wanaoanza wasione haya. Mchezo wa Pac-Man, uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980, uliweka hesabu ya hatua katika nafasi inayoishia 255. Mchezaji akifika hatua ya 256, programu huchora matunda kupita kiasi, na nusu ya kulia ya skrini hujaa alama zisizoeleweka.

Ndugu msomaji, kama una mtoto anayejaribu kazi hii, mshauri asifute. Asome ujumbe unataja mstari wa ngapi, kisha kabla ya mstari huo aiamuru programu ionyeshe namba inayotumika na idadi ya vitu katika orodha. Mara nyingi jibu litakuwa mbele ya macho yake.

Mama wa kijana huyu huuza vitenge, na sasa anataka mwanawe amtengenezee programu ya kuhesabu mizigo. Katika mchezo, mchele uliorukwa haukumuumiza mtu. Katika daftari la mama, kitakachorukwa ni fedha.