Kabla ya kununua tarakilishi ya umbo moja, chunguza kisichoweza kubadilishwa

KUNA tarakilishi ya mezani ambayo humvutia mnunuzi kabla hata hajauliza bei. Haina kasha la kuwekwa chini ya meza wala nyaya za kutatanisha. Skrini, prosesa, diski, spika na mara nyingi kamera, vyote vimefungwa katika umbo moja. Vinavyobaki nje ni kibodi, kipanya na waya wa umeme.

Madukani huitwa ol-in-wani, na kwenye lebo huandikwa herufi AIO. Muundo wenyewe si mgeni. Kampuni ya Apple iliupa umaarufu mkubwa mnamo Agosti 1998 ilipoanza kuuza iMac ya kwanza kwa dola 1,299 za Marekani. Kilichokuwa anasa wakati huo sasa kimewakaribia wenye vipato vya wastani, hasa kupitia mashine zilizotumika katika ofisi za ng'ambo kisha zikaletwa kuuzwa nchini.

Hata hivyo, unafuu wa bei ya kwanza waweza kumponza mnunuzi asiyejua anachopaswa kuuliza.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu anayetenga sehemu ya kiinua mgongo chake ili afungue kibanda cha kupiga chapa na kuwajazia wakazi fomu za eCitizen na za ushuru. Kwake, tarakilishi si pambo la sebuleni. Ikizimika, mapato ya siku hiyo yamekatika, na akiba yake imefungiwa ndani ya kifaa ambacho huenda fundi wa mtaani akasita hata kukifungua.

Katika tarakilishi ya kawaida yenye kasha, skrini ikipasuka hununuliwa nyingine na kasha likaendelea kufanya kazi. Bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi, ikiungua, skrini husalia. Sivyo ilivyo katika tarakilishi ya umbo moja. Madabodi yake imekatwa kwa vipimo vya modeli hiyo na aghalabu haiingii katika mashine nyingine. Skrini nayo haiondolewi bila kubomoa umbo zima. Hitilafu katika kimojawapo yaweza kugharimu karibu bei ya mashine yenyewe.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi mwenye fedha chache anafaa kuyapanga maswali yake kinyume na matangazo. Matangazo hutanguliza ukubwa wa diski na kumbukumbu, vitu ambavyo mara nyingi huweza kuongezwa baadaye. Yeye atangulize prosesa, skrini na mfumo wa umeme, kwani atakaa navyo hadi mwisho.

Prosesa: tazama umri, si jina

Muuzaji anayesema "hii ni i5" ametaja ukoo tu, hajataja umri. Umri umo katika tarakimu zinazofuata. Prosesa ya Intel iitwayo i5-4590 ni ya kizazi cha nne, i5-6500 ni ya kizazi cha sita, na i5-8500 ni ya kizazi cha nane. Herufi T mwishoni, kama katika i5-8500T, humaanisha kuwa prosesa hiyo ilibuniwa itumie umeme mdogo. Hupatikana sana katika tarakilishi hizi kwa kuwa umbo jembamba halina nafasi ya kutolea joto jingi.

Kizazi cha nane kina uzito wa pekee. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, hukubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na zilizofuata, pamoja na chache za kizazi cha saba. Aidha, huhitaji chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0.

Kwa hivyo mashine ya kizazi cha sita inayouzwa kwa bei ya kutupa ina sababu yake. Dell OptiPlex 7450 na OptiPlex 7460 za umbo moja zikiwekwa pamoja, si rahisi kwa mgeni kuzitofautisha. Hata hivyo, ya kwanza hutumia prosesa za kizazi cha sita au cha saba, na ya pili za kizazi cha nane. Tofauti ya tarakimu moja katika jina hubeba miaka kadhaa ya matumizi.

Wapo wauzaji wanaoingiza Windows 11 kwa ujanja katika mashine isiyotimiza masharti. Itawaka na kufanya kazi, lakini Microsoft haitoi hakikisho kuwa itaendelea kupokea marekebisho. Mtu ambaye kazi yake yote hufanyika katika intaneti na kwenye hati za kawaida aweza badala yake kutumia mfumo wa Linux Mint au Ubuntu, ambao haulipiwi, na mashine ya kale ikamfaa.

Mnunuzi wa mashine mpya pia asibweteke. Baadhi ya zile za bei ya chini zimetiwa prosesa hafifu, mathalani Celeron N4020 yenye viini viwili tu vya utendaji. Mashine iliyotumika yenye i5-8500T, ambayo ina viini sita, huishinda kwa mbali ijapokuwa ya kwanza ndiyo yenye harufu ya upya.

Kumbukumbu na diski

Windows 11 huhitaji angalau kumbukumbu ya GB 4 na diski ya GB 64, lakini hicho ni kiwango cha kuiwezesha kuwaka tu. Kwa anayefungua kurasa kadhaa za intaneti huku akiandika hati, GB 8 ndiyo mahali pa kuanzia.

Diski ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, huleta tofauti ambayo hata asiye mtaalamu ataiona. Mashine yenye diski ya kale ya kuzunguka yaweza kumkalisha mteja dakika kadhaa ikijiandaa. Ikiwa prosesa ni nzuri lakini diski ni ya kale, mnunuzi asiikatae mashine, bali apunguziwe bei kisha anunue SSD.

Swali la kuuliza ni iwapo kumbukumbu yaongezeka. Tarakilishi nyingi za umbo moja hutumia vibao vya kumbukumbu vya vipakatalishi, wala si vile virefu vya kasha la kawaida. Katika iMac za inchi 24 zilizotolewa kuanzia 2021, kumbukumbu imeunganishwa na prosesa na haiongezwi kamwe. Anayenunua mashine kama hiyo hana budi kununua mara moja kiasi kitakachomtosha.

Skrini na umeme

Skrini ya inchi 21.5 au zaidi yenye nukta 1920 kwa 1080 inatosha kazi za ofisi. Zipo za kale, za takriban inchi 20, zenye nukta 1600 kwa 900, ambazo humlazimu mtumiaji kusogeza ukurasa kila mara. Dukani, mnunuzi aombe ukurasa mweupe kisha mweusi ujazwe skrini nzima, ili madoa, mistari na nukta zilizokufa zijitokeze.

Jambo lisilotajwa sana ni tundu la kuingizia picha. Baadhi ya modeli zina tundu la HDMI linalopokea picha kutoka kifaa kingine, na madabodi ikifa, huenda skrini bado ikatumika. Nyingine zina tundu la kutolea picha pekee.

Tofauti na kipakatalishi, tarakilishi ya umbo moja haina betri. Stima ikipotea, kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea nayo. Bei ya kifaa cha UPS inafaa kuhesabiwa tangu mwanzo. Faraja ni kwamba tarakilishi hizi hazitumii umeme mwingi, na UPS ndogo hutosha kumpa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Lebo ya adapta au ya nyuma ya mashine yafaa kuonyesha volti 100 hadi 240. Adapta ikiwa si ya asili, uwezo wake kwa wati usiwe chini ya ule uliowekwa na mtengenezaji.

Mashine iliyotumika

Anayenunua bila kuwasha mashine ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mashine iwashwe na kuachwa ikifanya kazi kwa angalau nusu saa. Feni ikivuma mfululizo au umbo likawa moto kupita kiasi, kuna vumbi au hitilafu ndani.

Vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja, Windows huonyesha ukurasa ambao sehemu yake ya utendaji hutaja prosesa, kumbukumbu na diski zilizomo. Huo ndio ushahidi, wala si kibandiko cha nje. Kamera, spika, Wi-Fi na kila tundu la USB vijaribiwe.

Mwisho, mashine izimwe na kuwashwa upya hadi kwenye mipangilio ya awali, ile inayotangulia Windows. Mashine zilizotoka katika kampuni wakati mwingine huwa zimefungwa hapo kwa neno la siri ambalo muuzaji halijui. Mnunuzi wa mashine kama hiyo huenda akashindwa kuingiza mfumo mwingine siku atakapouhitaji.

Risiti na dhamana

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika, na risiti ndiyo silaha ya mlalamishi. Iandikwe modeli, nambari ya mashine, prosesa, kumbukumbu, diski na muda wa dhamana. Aidha, muuzaji aseme waziwazi iwapo dhamana inahusu skrini, kwani baadhi huiondoa, nayo ndiyo yenye gharama kubwa.

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma, lakini katika ununuzi huu asiyechagua ndiye huipata. Tarakilishi ya umbo moja humfaa mwenye nafasi finyu, anayetaka meza nadhifu na aliyepata modeli yenye prosesa isiyopitwa na wakati na dhamana inayogusa skrini.

Mwalimu yule mstaafu akikosa mashine ya namna hiyo kwa fedha alizo nazo, heri anunue kasha na skrini mbalimbali. Kibanda chake hakitapendeza sana. Lakini skrini ikipasuka Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti za ushuru, wateja wakiwa wamepanga foleni mlangoni, atakimbia kutafuta skrini, si tarakilishi.