Nani Apange Foleni ya Diski? (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliiacha programu ikiwa imeomba data iliyomo diskini. Kati ya ombi na data ipo foleni, na anayeipanga ni mratibu wa diski, kijisehemu cha kerneli ambacho kwenye Linux waweza kukibadilisha bila kuzima mashine.

Tuanze na chuma chenyewe. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Hata kichwa kikishafika kwenye njia yake, kwa wastani kitangoja nusu ya muda huo ndipo sekta inayotakiwa ipite chini yake. Kwa sababu hiyo waratibu wa zamani walifanya kazi kama lifti: walikusanya maombi na kuyahudumia kwa kufuata mpangilio wa sekta.

Lifti hiyo ina dhuluma yake. Faili kubwa likiandikwa mfululizo, anayetaka kusoma kipande kidogo upande wa pili wa diski hubaki akisubiri. Jens Axboe alilijibu hilo kwa deadline, mratibu anayeliwekea kila ombi muda wake wa mwisho: kwa kawaida nusu sekunde kwa kusoma, sekunde 5 kwa kuandika. Tofauti hiyo ina hekima kubwa. Anayeandika mara nyingi huiacha data kwenye kumbukumbu akaendelea na shughuli zake. Anayesoma amesimama, hana la kufanya mpaka apate alichoomba.

Mwaka 2017 toleo la 4.12 la Linux lilileta mratibu BFQ, ambayo Paolo Valente ameishughulikia kwa miaka mingi. Hii hugawa zamu baina ya programu, na kwa kompyuta ya mezani yenye diski ya kuzunguka ndiyo ningeichagua. Ila hula muda wa prosesa. Kwenye diski ya NVMe, isiyo na kichwa cha kuhamisha na yenye foleni zake nyingi, gharama hiyo mara nyingi hailipi. Hapo acha none, yaani bila mratibu.

Andika cat /sys/block/sda/queue/scheduler. Ukijibiwa none [mq-deadline] bfq, aliye kwenye mabano (hapa ni deadline kwa jina lake la sasa) ndiye aliye kazini. Kabla ya kumbadilisha, pima maombi yaliyochelewa kuliko yote, kwani wastani huyaficha. Na mabadiliko utakayofanya hapo hupotea mashine ikiwashwa upya, mpaka uyaandike kwenye kanuni za udev.

Itaendelea.