Endodi ya Adwa: Utafiti Uliochipuka kwa Wafuaji Nguo

Mnamo mwaka 1964, mtafiti kijana wa Kiethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa akipita kando ya vijito vya Adwa, mji ulioko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia. Alikuwa akichunguza konokono wa majini, kwani ndio wabebao vimelea vya ugonjwa wa kichocho. Penye wafuaji nguo aliona jambo lililomsimamisha. Mahali ambapo akina mama walikuwa wakifua, na kidogo chini ya hapo kwenye mkondo, palikuwa na konokono wengi waliokufa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kijito. Akina mama wale hawakutumia sabuni ya dukani. Walitumia vitunda vilivyoanikwa, vikatwangwa na kutiwa maji hata vikatoa povu jingi, na kwa povu hilo wakang'arisha shamma, yaani yale mavazi meupe ya pamba ya Waethiopia. Aklilu alimwomba mmoja wao atie povu lake katika chombo kilichokuwa na konokono hai. Konokono wakafa.

Makala haya yanakusudia kueleza kilichofuata baada ya tukio hilo katika chuo kikuu kilichojulikana wakati huo kama Chuo Kikuu cha Haile Selassie wa Kwanza, ambacho tangu mwaka 1975 kinaitwa Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Pengine msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, konokono na povu vina uhusiano gani na wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba kisa hiki, ambacho husimuliwa zaidi na wanasayansi, kina upande wa lugha ambao wao aghalabu huupita. Ni kisa cha maarifa yaliyokuwa yakitumika kila siku katika lugha moja, yakalazimika kubadilishwa jina na umbo mara kadhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa maarifa.

Ugonjwa wenyewe

Kwa ufupi, kichocho husababishwa na minyoo wadogo waishio katika mishipa ya damu. Mayai yao hutoka mwilini pamoja na mkojo au kinyesi, na yakifika majini huanguliwa. Viluwiluwi wake humwingia konokono wa aina maalumu, wakazaliana ndani yake, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya binadamu anayeoga, anayefua, anayevua samaki au anayelima mpunga. Watu wa pwani yetu wanaufahamu zaidi ule wa mkojo wenye damu. Kule Adwa, kama ilivyo katika mashamba ya mpunga ya Mwea na kandokando ya Ziwa Viktoria, uliopo ni ule wa tumbo. Katika aina zote mbili, konokono ndiye daraja. Ukimwondoa, mnyoo hana pa kupitia.

Kulikuwepo, hata wakati huo, kemikali za viwandani za kuwaulia konokono. Tatizo lilikuwa bei. Nchi maskini haiwezi kumimina majini, mwaka baada ya mwaka, kemikali inayonunuliwa kwa fedha za kigeni. Ndiyo sababu povu la wafuaji wale lilikuwa jambo kubwa: mmea wenyewe ulikuwa ukiota uani na kwenye nyua za mashamba.

Mmea mmoja, majina mengi

Jina lililoenea duniani ni endodi. Hilo ni jina la Kiamhari, lugha ya utawala na ya mji mkuu. Waoromo huuita andode. Lakini wenyeji wa Adwa ni wasemaji wa Kitigrinya, na katika lugha hiyo mmea huitwa "shibti". Kwa hivyo, jina lililoingia katika majarida ya kisayansi, katika ripoti za mashirika na katika kichwa cha makala haya pia, si lile la lugha ya kijito ambako ugunduzi ulitokea.

Wataalamu wa mimea nao walikuwa wameupa mmea huu jina lao tangu zamani: Phytolacca dodecandra. Neno la pili limeundwa kwa Kigiriki na hurejelea stameni kumi na mbili za ua lake. Jina hilo linamfaa anayetaka kuutofautisha mmea huu na jamaa zake, lakini halina fununu yoyote ya povu, wala ya nguo, wala ya konokono. Aliyelitunga aliutazama mmea, hakumtazama anayeutumia.

Kemikali iliyomo katika vitunda hivyo ni ya jamii iitwayo saponini. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kutabasamu kidogo. Saponini inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya sabuni, na neno hilohilo ndilo lililopita Kigiriki, likaingia Kiarabu, hatimaye likatufikia sisi likiwa "sabuni". Wanakemia walipolichagua jina lao walikuwa wakisema walichokisema wafuaji: kitu hiki hutoa povu na hutakatisha. Saponini maalumu ya endodi inayoua konokono iliitwa lematoksini, kwa heshima ya Aklilu Lemma. Msamiati huu wote, basi, unamkumbuka mtafiti, unaikumbuka sabuni, unazikumbuka stameni.

Kutoka kijitoni hadi maabarani

Mwaka 1966 Aklilu alianzisha Taasisi ya Pathobiolojia katika chuo kikuu hicho, nayo ikawa makao ya utafiti wa endodi. Huko alishirikiana na mtafiti mwenzake, Legesse Wolde-Yohannes, ambaye kazi yake haisemwi sana lakini bila yake pasingekuwa na zao. Legesse alikusanya miche ya endodi kutoka sehemu mbalimbali za Ethiopia, akailinganisha kwa nguvu ya sumu yake dhidi ya konokono, kwa wingi wa vitunda na kwa ustahimilivu wa mmea, hadi akapata aina bora iliyojulikana kama aina ya 44. Hiyo ni kazi ya miaka mingi ya kupanda, kupalilia, kuchuma, kupima na kuandika. Anayedhani kwamba ugunduzi ni tukio la siku moja ya 1964 na ausome upya mkabala huo.

Kuna jambo moja la kikemia ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa hiki, nami naomba msomaji anivumilie nilieleze. Ndani ya kitunda cha endodi kilicho kizima, sehemu kubwa ya saponini haina makali dhidi ya konokono. Kila molekuli yake imeshikwa na minyororo miwili ya sukari. Kitunda kinapotwangwa na kutiwa maji, kimeng'enya kilichomo hukutana na saponini hizo na kukata mnyororo mmoja. Hapo ndipo sumu inapozaliwa. Iwapo mkemia atakimbilia kuzitoa saponini kwa alkoholi, kama ilivyo desturi katika maabara nyingi, kimeng'enya hakipati nafasi ya kufanya kazi, naye atapata dondoo lisilo na makali yanayotafutwa. Maji ya kawaida ndiyo yanayofaa.

Tuseme wazi maana yake. Wafuaji wa Adwa hawakuwapa watafiti mmea peke yake. Waliwapa pia utaratibu: anika, twanga, tia maji. Utaratibu huo ndio uliokuwa na siri. Mtu angeondoka na jina la mmea bila vitenzi vilivyoandamana nalo, angekuwa na nusu ya maarifa tu, na huenda angerudi kutangaza kwamba imani ya wenyeji haikuthibitika.

Kati ya mwaka 1969 na 1974 endodi ilijaribiwa katika vijito vya Adwa yenyewe. Matokeo yaliyochapishwa baadaye yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto wadogo, ambao maambukizi yao ndiyo kipimo kizuri cha maambukizi mapya, kiwango kilishuka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 7. Sumu yenyewe huoza na kuisha majini baada ya muda mfupi. Hiyo ni faida kwa mazingira, ingawa ina maana pia kwamba kazi hairudiwi mara moja ikatosha. Samaki nao huathirika, jambo ambalo halifai kufichwa.

Kukubaliwa na kutokubaliwa

Pamoja na matokeo hayo, endodi haikupata idhini ya haraka kutoka kwa Shirika la Afya Duniani. Shirika lilitaka majaribio ya usalama yafanywe kwa viwango vya maabara za kimataifa, na majaribio ya namna hiyo yalihitaji fedha na vifaa ambavyo Addis Ababa haikuwa navyo. Lazima tuwe waadilifu hapa. Kitu kitakachomiminwa katika maji wanayokunywa watu kinastahili kupimwa kwa makini, na hoja kwamba kimetumiwa kufulia tangu jadi haitoshi. Hata hivyo, Aklilu aliona kwamba nyuma ya tahadhari hiyo kulikuwa na jambo jingine, naye alilisema hadharani: kwamba baadhi ya wataalamu wa kigeni hawakuweza kuamini kuwa sayansi nzuri yaweza kutoka Afrika.

Waliokuwa tayari kusikiliza walipatikana kwingineko barani. Mwaka 1983 watafiti walikutana Lusaka, Zambia, katika warsha ya kimataifa kuhusu mmea huu. Nchini Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, mwanakemia Lydia Makhubu aliifanyia endodi utafiti wa miaka mingi. Mwaka 1989 Aklilu na Legesse walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Right Livelihood. Majaribio ya usalama yaliyokuwa yakidaiwa yalikuja kufanywa nje ya Ethiopia, matokeo yakachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya robo karne baada ya chombo kile cha konokono.

Kufikia wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Dawa ya prazikwanteli, ambayo humezwa na mgonjwa na kuua minyoo mwilini, ilikuwa imepatikana, na mkazo ukahama kutoka kwa konokono kwenda kwa mgonjwa. Hadi leo kemikali inayopendekezwa na Shirika hilo dhidi ya konokono ni niklosamidi ya viwandani.

Endodi ilipata mteja mwingine, wa ajabu kidogo. Mwaka 1990 Aklilu alikwenda Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, kupokea shahada ya heshima. Wakati huo Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini yalikuwa yamevamiwa na kombe wadogo wenye milia, waliosafiri katika maji ya matangi ya meli kutoka Ulaya, nao walikuwa wakiziba mabomba ya maji ya miji na viwanda. Endodi ilijaribiwa juu yao, ikawaua. Mwaka 1993 hataza ya matumizi hayo ilitolewa Marekani. Jina la Aklilu limo miongoni mwa wavumbuzi, lakini mwenye hataza ni chuo cha Toledo. Tangu hapo kisa hiki hutajwa kila panapojadiliwa nani anamiliki maarifa ya jadi, na majibu hayajawahi kulingana. Mimi naona ajabu moja: povu lililotiliwa shaka lilipokuwa likiokoa watoto wa Adwa lilieleweka upesi lilipoweza kuokoa mabomba.

Vitomeo vya kamusi zetu

Turudi kwenye kazi yetu sisi. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili utafute majina ya mimea. Mara nyingi mno utakuta fasili ya maneno mawili au matatu: aina ya mti, aina ya mmea utambaao, aina ya nyasi. Fasili kama hizo si uongo, lakini zinafanana na jina lile la stameni kumi na mbili. Afadhali hata lile lilihesabu kitu. Mwanaleksikografia aliandika nomino, akaviacha vitenzi kwa bibi aliyemtajia nomino hiyo.

Nasi tuendapo nyanjani, huko Lamu au Kwale au Vanga, hubeba hojaji za methali, vitendawili na nyimbo. Ni vyema. Lakini mzee akisema katikati ya usimulizi kwamba mti fulani huchemshwa na mwingine hauchemshwi kamwe, wengi wetu huzima kinasa sauti tukisubiri arudi kwenye ngano. Kwa kigezo cha endodi, tofauti kati ya kuchemsha na kutochemsha, kati ya kutwanga na kuponda, kati ya maji na tembo, inaweza kuwa ndiyo taarifa yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vingi vya aina hii, na kila kimoja kina mipaka yake: kufikicha si kusaga, kuroweka si kuchovya. Mwanafunzi wa isimu ndiye anayeweza kuviandika bila kuvichanganya. Mwanakemia atakayekuja baadaye hana namna ya kujua kwamba vilichanganywa.

Taasisi aliyoianzisha Aklilu ingali ikifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa. Yeye alifariki mwaka 1997, na taasisi hiyo ikapewa jina lake. Mama aliyetia povu katika chombo siku ile ya 1964 hutajwa katika simulizi kama mmoja wa wafuaji tu, na alichokisema kwa Kitigrinya alipoulizwa kuhusu shibti hakikuandikwa pamoja na kisa.