Je, Wajua? Timu Bora Haibebi Kombe Kila Mara

Kila Machi, Wamarekani wengi hugeuka wachambuzi wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu. Mashindano ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hukusanya timu 68, mechi zote ni za mtoano, na ukifungwa mara moja tu unafungasha virago. Kabla mpira haujarushwa juu, magazeti, televisheni na kompyuta huwa zimeshapanga orodha: nani anapigiwa upatu, na nani amekuja kusindikiza wenzake. Haya ni baadhi ya mambo yaliyojificha ndani ya orodha hizo.

Timu ya kwanza kwenye orodha inaweza isionekane kabisa mashindanoni

Shirika la habari la AP limekuwa likiwapigisha kura waandishi wa michezo kuhusu timu bora za kikapu tangu 1949. Kabla ya msimu wa 2022-23, kura ziliiweka North Carolina namba 1. Machi ilipofika, North Carolina haikupata hata nafasi ya kushiriki. Tangu mashindano yapanuliwe hadi timu 64 mwaka 1985, timu iliyoanza msimu kileleni haikuwahi kukutwa na balaa hilo. Kombe lilikwenda Connecticut, iliyoifunga San Diego State 76-59 mjini Houston. Na Connecticut, katika orodha ile ile ya mwanzo wa msimu, haikuwemo hata kwenye 25 bora.

Asilimia 90 ikipita mechi sita hubaki 53

Bingwa hushinda mechi sita mfululizo, au saba ikiwa alianzia raundi ya awali inayochezwa Dayton, Ohio. Tuseme kuna timu kali kiasi kwamba kila mechi ina uwezekano wa asilimia 90 wa kushinda. Wengi watasema kombe ni lake. Sasa shika kalamu. Mechi ya kwanza ni 0.90. Kuvuka ya pili pia ni 0.90 mara 0.90, yaani 0.81. Ya tatu inakuacha na 0.73, ya nne 0.66, ya tano 0.59, na fainali 0.53. Timu hiyo ya kutisha ina nafasi iliyozidi nusu kidogo tu. Ishushe hadi asilimia 80 kwa kila mechi, nafasi ya ubingwa inaporomoka hadi 26. Kwa asilimia 70 inabaki 12.

Ndiyo maana timu inayopewa asilimia 20 au 25 huwa kinara wa orodha nzima, ilhali uwezekano wa kutolewa ni mkubwa mara tatu au nne kuliko wa kuvaa taji.

Kupanga ubora na kupanga nafasi ya ubingwa ni kazi mbili tofauti

Timu ya tatu kwa ubora inaweza kuwa na nafasi kubwa ya ubingwa kuliko ya pili, ikiwa ya pili imetupwa upande wenye vigogo watupu. Kwa hiyo watabiri huingiza ratiba nzima kwenye kompyuta na kuyachezesha mashindano mara 10,000. Timu iliyobeba kombe mara 1,800 huandikiwa asilimia 18. Ratiba ikitoka, asilimia hubadilika papo hapo, ingawa hakuna mchezaji aliyegusa mpira.

Zamani ungeweza kushinda na bado ukashuka

Tangu 1981 hadi 2018, kamati ya NCAA inayochagua na kupanga timu ilitegemea sana kipimo kilichoitwa RPI. Robo yake ilikuwa kiwango cha ushindi wako, nusu ilikuwa cha wapinzani wako, na robo iliyobaki ilikuwa cha wapinzani wa wapinzani wako. Kwa kuwa wapinzani walibeba nusu nzima, kukutana na timu dhaifu kulikushusha hata kama uliigaragaza, na kushinda kwa pointi 1 au kwa pointi 40 kulihesabiwa sawasawa. Makocha wajanja wakajifunza kuchagua wa kucheza nao. Msimu wa 2018-19 RPI ikastaafishwa, nafasi yake ikachukuliwa na kipimo kipya kiitwacho NET.

Timu yenye pointi nyingi si lazima iwe na mashambulizi bora

Mmoja wa watu wanaosikilizwa sana katika hesabu hizi, Ken Pomeroy, alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa. Yeye hahesabu pointi kwa mechi bali kwa kila mashambulizi 100. Timu ikifunga 80 kwa kushambulia mara 80, imepata pointi 100 kwa mashambulizi 100. Nyingine ikifunga 70 kwa kushambulia mara 60, imepata karibu 117. Ubao wa matokeo unaisifu ya kwanza, lakini ya pili ndiyo yenye makali. Inacheza taratibu tu. Kisha kila namba hurekebishwa kulingana na ugumu wa wapinzani.

Namba 5 haijawahi kuwa bingwa

Kamati hugawa timu katika kanda nne na kuzipanga kwa namba, 1 hadi 16, ili namba 1 aanze na namba 16, namba 2 na 15, na kuendelea. Tangu 1985 zaidi ya nusu ya mabingwa wametoka namba 1. Lakini ni mara mbili tu, 2008 na 2025, ambapo namba 1 wote wanne walifika nusu fainali. Na hadi mashindano ya 2025, namba 6, 7 na 8 zilikuwa zimeshatoa bingwa, namba 5 haijatoa hata mmoja.

Namba 8 ilibeba kombe kwa kukosa vikapu sita tu

Fainali ya 1985 mjini Lexington, Kentucky, iliwakutanisha Georgetown, bingwa mtetezi mwenye Patrick Ewing, na Villanova, namba 8. Villanova ilirusha mara 28 na kufunga 22. Kipindi cha pili ilikosa mara moja tu. Ikashinda 66-64. Wakati huo mashindano haya hayakuwa na saa ya kulazimisha timu kurusha, hivyo Villanova ilishika mpira ikasubiri nafasi safi. Hapo kuna somo la hesabu: mashambulizi yakiwa machache, bahati hupata nafasi kubwa zaidi, na mnyonge hufaidika. Hadi 2025, hakuna namba ya chini ya 8 iliyowahi kuwa bingwa.

Wanawake waliwatangulia wanaume kwa miaka 20

Mwaka 1998, Harvard, namba 16, iliifunga Stanford, namba 1, kwa 71-67, tena nyumbani kwa Stanford, katika mashindano ya wanawake. Stanford ilikuwa imepoteza nyota wawili kwa majeraha. Kwa wanaume, namba 16 walikuwa wamefungwa mechi 135 bila kushinda hata moja hadi Machi 2018, UMBC ilipoichapa Virginia 74-54. Virginia ilikuwa namba 1 wa mashindano yote, ikiruhusu chini ya pointi 55 kwa mechi kwa wastani. Hadi mapumziko ilikuwa 21-21. Kipindi cha pili UMBC ikatia 53. Mwaka uliofuata Virginia hiyo hiyo ikatwaa ubingwa.

Mwaka 2023 namba 16 nyingine, Fairleigh Dickinson, iliyotajwa kuwa timu fupi kuliko zote za daraja la kwanza, iliitoa Purdue ya Zach Edey, jitu la zaidi ya mita 2.2, kwa 63-58.

Vijana wetu nao wamo katika historia hii

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea Connecticut. Mwaka 2008 timu yake ikiwa namba 4 ilitolewa na San Diego, namba 13, kwa 70-69 katika dakika za nyongeza. Mwaka 2009 ikarudi ikiwa namba 1 na kufika nusu fainali, ikasimamishwa na Michigan State. Mwaka huo Thabeet akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA.

Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alikuwa mchezaji bora wa vyuo Marekani msimu wa 2021-22. Kentucky yake, namba 2, ilikutana na Saint Peter's, namba 15. Tshiebwe alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16. Haikutosha: Kentucky ililala 85-79 katika dakika za nyongeza.

Mkeka usiochanika haujawahi kuonekana

Ukiacha raundi ya awali, timu 64 zinahitaji mechi 63, maana kila mechi inamtoa mmoja. Ukibahatisha kila moja kwa kurusha sarafu, njia za kujaza karatasi ya utabiri ni 9,223,372,036,854,775,808. Watu bilioni 8 wakijaza karatasi moja tofauti kila sekunde, bila kulala, wangehitaji miaka 36 na ushei kuzimaliza. Mwaka 2014 Warren Buffett alidhamini zawadi ya dola bilioni 1 kwa atakayepatia mechi zote. Hakuna aliyeichukua. Rais Barack Obama, aliyekuwa akijaza karatasi yake mbele ya kamera, mwaka 2009 aliitaja North Carolina kuwa bingwa na ikawa kweli, lakini huko kulikuwa kupatia bingwa tu, si mechi zote.

Mtabiri hapimwi kwa mwaka mmoja

Mtaalamu akisema timu fulani ina asilimia 20, kisha ikatolewa raundi ya pili, mitaani watamcheka. Lakini yeye mwenyewe alishasema kwamba mara nne kati ya tano kombe litakwenda kwingine. Kumpima vizuri, kusanya timu zote alizowahi kuzipa asilimia 20 kwa miaka mingi, kisha uhesabu ngapi zilibeba kombe. Zikikaribia moja kati ya tano, anajua kazi yake, hata kama miaka mingi kinara wake anarudi nyumbani mapema. Zikiwa nyingi zaidi ya hapo, naye pia amekosea: alizipa timu hizo imani ndogo kuliko zilivyostahili.